Vigae vya Bherulal

Bibi Kesar alikuwa amebanwa na haja tangu alfajiri, na sasa jua lilishapanda juu ya mapaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, magoti kayabana, ncha ya sari kaiuma kwa yale meno machache aliyobaki nayo.

"Sugan," alimwita mke wa mwanawe, "hebu kachungulie tena. Yule mshenzi wa firimbi kaondoka?"

Sugan akaenda dirishani. Huko chini, ng'ambo ya kichochoro, bustani mpya ya ukingo wa mto Shipra ilikuwa imelowa maji ya asubuhi, na askari wa bustani alikuwa amekaa kwenye benchi anapuliza chai yake.

"Yupo, mama. Ndiyo kwanza kaletewa chai."

"Basi nitakufa."

"Usife, mama. Jikaze kidogo."

"Nijikaze! Kisukari kinajua kujikaza?"

Mji wetu wa Ujjain umekuwa msafi, hilo simbishii mtu. Mkusanyiko Mkuu wa kila miaka kumi na miwili unakaribia, mahujaji watamiminika kuoga mtoni, na wakubwa hawataki aibu. Wamefagia, wamepaka rangi, wamepanda majani na miti, wameweka taa ambazo hata paka hapati pa kujificha. Lakini kabla ya bustani pale palikuwa na vichaka, na vichaka vile, jamani, vilikuwa ndio choo cha wanawake wa kichochoro chetu. Walikwenda kabla ya mapambazuko, wakiongozana na vikopo vyao vya maji, wakarudi na umbea wa kutosha siku nzima. Aliyechora bustani hakuwauliza, na wao wenyewe nani kati yao angethubutu kulisema jambo kama hilo mbele ya watu?

"Tumia mkebe, mama," Sugan alisema. "Mimi nitageukia ukutani."

Bibi Kesar alitupa jicho kwenye rafu ya pembeni, palipokuwa na taa ya samli na sanamu ya Krishna mchanga anayetambaa. Nyumba yao ilikuwa chumba hicho hicho kimoja: jiko hapa, kitanda pale, Mungu kule. "Mbele yake? Mchana kweupe? Sijawa mwehu bado."

Choo cha nyumba kiliwahi kuwepo. Kilipojaa, mwenye nyumba alikitia kufuli, akahamia kwa mwanawe Indore, na kila akiulizwa husema fundi yuko njiani. Huyo fundi sijui anakuja kwa magoti. Basi asubuhi ile Sugan alimshika mkwewe mkono, wakashuka ngazi polepole, wakaenda nyuma ya mkokoteni mbovu ulioegeshwa kando ya jaa. Sugan alifungua mwavuli, akausimamisha kama pazia, huku akikohoa kwa nguvu kila mtu anapopita.

"Umemaliza, mama?"

"Umeniharakisha, imekata."

Walirudi juu bila kutazamana.

*

Bherulal, mwana wa Bibi Kesar, aliyajua yote hayo. Alikuwa mtu wa maua, kama baba yake na babu yake: alifunga mashada ya maua ya njano na kuyauza pembeni mwa kichochoro, chini ya ukuta wa nyumba kuukuu ya kufikia mahujaji. Mpole, mwenye kusema "sawa" kabla hujamaliza sentensi. Lakini kwa ajili ya choo, huyo huyo mpole aliingia ofisi ambazo hakuwahi kuota kuziingia. Alikaa kwenye mabenchi, akaambiwa njoo kesho, akaambiwa siyo dirisha hili, akarudi kesho akaenda dirisha jingine. Watu walimcheka. "Bheru choo anapita," walisema, naye akatabasamu na kuendelea kupita.

Hatimaye wakakubali. Choo cha umma kitajengwa hapo pembeni, vyumba vya wanawake na vya wanaume, na mbele yake bustani ndogo yenye miti ya kivuli. Haikuwezekana mahali pengine, kwa sababu bomba kuu la maji machafu lilipita hapo tu, chini ya ule ukuta, na kwingineko kote ni nyumba zimebanana. Kilichobaki ilikuwa mhandisi aje kupima.

Aliposikia kwamba mhandisi ni mwanamke, Bherulal alipatwa na wasiwasi. Ule ukuta, mtu akisimama kwenye meza yake ya maua, ulinuka mpaka macho yakatoka machozi. Wanaume wa kichochoro chetu hawana shida na choo. Mwanaume akibanwa huugeukia ukuta wa kwanza, akatazama juu kama msomaji wa matangazo, basi, yamekwisha. Bherulal alimwaza yule mama wa ofisini akishuka garini na viatu vyake safi, akikanyaga kidimbwi, akiziba pua, akageuza gari. Choo kingepotea kwa sababu ya ukosefu wa choo.

Akafanya ambalo kila mtu mjini kwetu hulifanya ukuta ukimshinda. Alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akanunua vigae vitatu vyenye picha za miungu: Ganesh mwenye kichwa cha tembo, Hanuman aliyebeba mlima, na Mama Durga juu ya simba wake. Vinauzwa kwa kazi hiyo hiyo, maana hakuna atakayemkojolea Mungu, na dukani vimepangwa karibu na mabomba na masinki. Kulipopambazuka yeye na mama yake waliosha ukuta, yeye akashika saruji, Bibi Kesar akashika ndoo. Alivibandika kwa mstari, usawa wa kiuno cha mtu mzima.

"Nani atathubutu sasa?" alisema, akisimama nyuma kuangalia.

"Dulichand," Bibi Kesar alijibu. "Yule angekojoa hata katika ile bahari ya maziwa anamolala Mungu."

Lakini hata Dulichand, muuza nazi na peremende wa upande wa pili, alikuja mchana akiwa ameshashika kamba ya suruali, akaviona vile vigae, akaganda. Akagusa kifua chake, akaenda kutafuta ukuta mwingine. Kufikia jioni ukuta ulikuwa mkavu. Mhandisi alikuja kesho yake, kijana wa miaka thelathini hivi aitwaye Vaishali Pathrod, akapima, akapiga alama za chokaa, akasema kazi itaanza baada ya mvua. Bherulal alilala usingizi wa mtoto mchanga.

*

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mvua hazijaisha, hujaji mmoja kutoka mbali, mwanamke mnene mwenye huzuni zake, alisimama mbele ya vigae akafumba macho, akanunua shada kwa Bherulal na kulining'iniza kwenye msumari juu ya Hanuman. Bherulal alifurahi. Shada ni shada. Wiki ile wakaja wengine. Mtu akapaka sindoor, ile poda nyekundu, kwenye paji la Ganesh. Mwingine akawasha taa ya samli. Dulichand, ambaye pua yake hunusa pesa kabla hazijatoka mfukoni mwa mtu, akaleta kengele ya shaba na kibanda cha mabati, kisha sanduku la sadaka lenye kufuli.

Na hadithi ikaanza. Bherulal aliisikia kwa masikio yake, akiwa amekaa hapo hapo na sindano ya mashada mkononi.

"Plasta iliporomoka yenyewe," Dulichand alikuwa anawaeleza mahujaji, "usiku wa radi. Asubuhi tukawaona hawa watatu wametokeza. Hakuna mkono wa mtu. Muulizeni huyu, alikuwepo."

Mahujaji wakamgeukia Bherulal. Yeye akatazama sindano yake. "Mvua ilikuwa kubwa," alisema, na kweli mvua ilikuwa kubwa.

Sugan alikuwa anapita na ndoo ya maji, akasikia. Alipofika juu akaitua ndoo kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye unga wa chapati.

Mvua zilipoisha, mhandisi Vaishali alirudi na mafundi wake na gari la kuchimbia. Msimamizi wa mafundi aliona taa, akaona sindoor, akavua viatu. Wenzake wote wakavua viatu. Sururu zikalazwa chini.

"Mzee," mhandisi alimwita Bherulal pembeni, "hii nini tena?"

"Madamu, ni... watu wamependa kuomba hapa."

"Naona. Nilipokuja mara ya kwanza vilikuwa vigae."

"Vilikuwa vigae," Bherulal alikubali.

Mhandisi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na kiburi. "Sikiliza, mzee wangu. Mimi nikiamuru, hakuna fundi atakayeinua sururu hapa. Na akiinua, kabla ya jioni kichochoro kitajaa watu na mawe. Nani anajenga choo kwenye miguu ya Hanuman? Wenye mahali pao ndio wawaondoe miungu hawa, kwa mapatano yao, kwa heshima. Mimi nitakuja Jumatatu. Jumatatu mkiwa hamjaelewana, nahamishia kazi kata nyingine. Nina Mkusanyiko shingoni, sina muda."

"Kata nyingine ni mbali sana kwa mama yangu, Madamu. Hafiki."

"Najua," mhandisi alisema. "Ndiyo maana nakuambia wewe."

*

Jumamosi wanaume wa kichochoro walikutana mbele ya duka la Dulichand. Chai iligawiwa, Dulichand ndiye aliyelipia, na kila mtu akaona hilo. Wanawake walisimama milangoni na kwenye madirisha, nyuso wamezifunika, masikio wameyafunua.

"Ndugu zangu," Dulichand alianza, "choo ni kitu kizuri. Nani anakataa? Lakini choo kinaweza kwenda popote. Mungu kachagua hapa. Tumfukuze tuweke tundu?"

"Lakini bomba liko hapa," mzee mmoja alisema kwa sauti ndogo.

"Bomba linasogea, babu. Mungu hasogei!"

Wakacheka. Kisha mtu akasema, "Hebu tumsikie Bheru choo mwenyewe. Kaka, wewe ndiye ulikuwa huli hulali. Unasemaje?"

Wote wakamtazama. Bherulal aliyajua maneno, yalikuwa machache tu: nilivinunua dukani, nikavibandika mimi. Lakini je, alikuwa na hakika bado ni vigae? Watu walikuwa wamelia pale. Yule mwanamke mnene alirudi kumshukuru Hanuman kwa mwanawe aliyepona, akapiga kichwa chini mpaka paji likachubuka. Yeye Bherulal mwenyewe, asubuhi moja alipopita, mikono yake ilikutana kifuani bila kuulizwa. Na lilikuwepo la pili, ambalo hakutaka kuliangalia usoni: tangu ukuta ugeuke hekalu, maua hayabaki mezani.

Dulichand akaona anasitasita, akamwekea mkono begani. "Mashada yote ya ibada, asubuhi na jioni, yatatoka kwa kaka Bheru. Hakuna muuza maua mwingine atakayekanyaga hapa. Au siyo, jamani?"

"Ndiyo!"

"Nita... nitafikiria," Bherulal alisema.

Dirisha moja juu likafungwa kwa nguvu. Hakuhitaji kuinua kichwa kujua ni la kwake.

*

"Baba Lalita," Sugan alimwambia alipoingia. Hakuwahi kulitamka jina la mumewe tangu aolewe, alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Dewas. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Bherulal kuliko kelele. "Umefikiria?"

"Sugan, hujui. Ukimgusa Mungu aliyekwisha kuombwa—"

"Nimekuuliza umefikiria, sijakuuliza mahubiri."

"Watanipiga."

"Hilo ndilo. Sema hilo. Unaogopa kupigwa, na unapenda mashada kuisha. Usimsingizie Hanuman." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye unga. "Mimi najizuia kunywa maji, unajua? Tangu bustani ifunguliwe sinywi maji mchana. Natembea kichwa kinaniuma kama kimepigwa nyundo. Mimi nitavumilia. Mama je? Umemuuza mama yako kwa mashada, Baba Lalita."

Bibi Kesar alikuwa amelala kitandani, uso kauelekeza ukutani. "Mwache," alisema bila kugeuka. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mtu mzuri, ila anasubiri maji yafike puani."

Bherulal alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Alijaribu maneno yake kwa kunong'ona, ndugu zangu, vile vigae, ndugu zangu, mimi ndiye. Jirani akapita akamwuliza anaongea na nani. "Nahesabu maua," alijibu.

*

Jumatatu Dulichand alikuwa amejipanga. Aliita ibada kubwa saa ile ile ya kuja mhandisi. Ngoma, kengele, udi, na watu wamejaa kichochoro kizima, mahujaji hata wasiojua kinachoendelea, kwa sababu mjini kwetu watu wakiona wenzao wamekusanyika na kengele inalia, hujiunga kwanza na kuuliza baadaye. Gari la kuchimbia lilikwama kule mwanzoni. Mhandisi alishuka, akasimama na kofia yake ngumu kwapani, akatazama saa.

Bherulal alikuwa karibu kabisa na ukuta, anapokeza mashada. Kila shada alilolitoa mkononi alijiambia baada ya hili nitasema. Akatoa jingine.

Bibi Kesar naye alikuwa ametoka kliniki na Sugan. Walichelewa kwa foleni, na kliniki yenyewe choo chake kilikuwa kimeandikwa "kibovu". Bustanini walikuta firimbi. Kwenye mkokoteni mbovu walikuta mkokoteni haupo, umeondolewa kwa ajili ya usafi. Ikabaki kurudi nyumbani, kwenye mkebe, mbele ya Krishna, ndivyo ilivyofika. Na ili kufika nyumbani ilibidi wakate katikati ya umati.

"Nipisheni, wanangu," Bibi Kesar alisema. "Nipisheni."

Ngoma ilikuwa inavuma. Mtu mmoja alidhani bibi anataka kumwona Mungu kwa karibu, akamvuta mbele kwa heshima. Mwingine akamsukuma kwa upole. "Mpisheni bibi aombe! Mpisheni!" Wakampitisha mkono kwa mkono, Sugan akaachwa nyuma anapiga kelele, mpaka wakamsimamisha peke yake mbele ya vigae, kwenye uwazi mdogo wa maua na taa.

Hapo mwili ukakataa.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha sari yake ya pamba, ile nyeupe ya ujane, ikageuka rangi kuanzia kiunoni kwenda chini, na maji yakatiririka kwenye vigimbi vyake vyembamba, yakapita kati ya maua, yakaizima taa moja kwa mlio mdogo. Ngoma ikanyamaza. Bibi Kesar alivuta ncha ya sari akafunika uso wote. Hakuondoka. Angeondokaje na ilikuwa bado haijaisha?

"Ee Bwana wangu!" Dulichand alipaza sauti. "Mahali patakatifu! Mtoeni huyu bibi! Leteni maji ya mto Ganga tupatakase! Nani huyu aliyekosa adabu, huyu ni mama wa nani?"

"Wangu," Bherulal alisema.

Mashada yalikuwa yamemponyoka mikononi. Alisogea akasimama kati ya Dulichand na mama yake.

"Ni mama yangu. Usimguse. Dulichand, ukimgusa leo tutazikana." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, vile vigae nilinunua mimi. Duka la vifaa, pale njia panda. Vilikuwa karibu na masinki. Nikavibandika mimi kwa saruji, na mama huyu ndiye aliyenishikia ndoo. Hakuna radi. Hakuna plasta. Nilivibandika kwa sababu ukuta huu ulikuwa choo cha wanaume, na wewe Dulichand ulikuwa mteja wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni!"

Mtu alicheka. Mwingine akamkanya, naye akacheka. Lakini kikundi cha vijana karibu na kengele hakikucheka, na mmoja wao alikunja mikono ya shati. "Unamtukana Mungu, mzee?"

"Namtukana nani? Mimi nilikuwa muoga, hilo ndilo tusi. Nilikaa kimya nikauza maua." Aliinama akaokota kijembe chake cha bustani kutoka chini ya meza, akaiweka ncha yake pembeni mwa kigae cha Durga. Saruji ilikuwa nzuri, aliichanganya mwenyewe. Akasukuma. Kona ya kigae ikakatika, ikaanguka na sauti ya kikombe kilichovunjika. Umati mzima ulivuta pumzi. Bherulal aliganda, akingoja sijui nini, radi labda, au jiwe.

"Bheru!" Ilikuwa sauti ya Bibi Kesar, chini ya ile sari. Sugan alikuwa ameshamfikia, na wanawake wa kichochoro wametoka milangoni, mmoja baada ya mwingine, wakatandaza ncha za sari zao wakamzungushia ukuta wa nguo, ya kijani, ya njano, ya waridi. "Bheru, usivunje kama mwizi. Mungu hafukuzwi. Anasindikizwa. Nani alikulea wewe? Kila mwaka tunamsindikiza Ganesh majini kwa nyimbo, leo umesahau?"

"Sijasahau, mama."

"Basi kaoge kwanza, kisha leta ungo. Mimi sigusi, nimenajisika. Wengine waimbe."

Yule kijana wa mikono iliyokunjwa alimtazama msimamizi wa mafundi, na msimamizi akawa tayari ameshavua kofia na kufumbata mikono. Kumsindikiza Mungu ni ibada, na nani atapiga mtu aliyemo ibadani? Bherulal alijimwagia ndoo ya maji kichwani hapo hapo na nguo zake. Akamtoa Ganesh, akamtoa Hanuman, polepole, kama anayemng'oa mtoto jino, akamalizia na Durga aliyekatika kona. Akaiokota na ile kona, akaifunga pamoja naye kwa shada. Akavilaza kwenye ungo wa maua, akajitwisha.

Sugan akaanza wimbo, sauti inamkwaruza kwa kilio. Wanawake wakaitikia. Na Bibi Kesar, kutoka ndani ya ule ukuta wa sari, akapaza maneno yale ambayo kila mtu huyasema miungu inapoondoka: "Nendeni salama, mrudi mwakani!"

"Mama!" Sugan alinong'ona. "Usiseme mrudi!"

Bibi Kesar akafikiri. "Mrudi mwakani," alirudia, "lakini siyo ukuta huu!"

Hapo hata yule kijana alicheka. Umati ukageuka wote, mahujaji mbele, ngoma ikarejea, ukashuka kwenda kwenye tangi la kuzamishia sanamu karibu na ngazi za mto, nusu yao hawajui wanamsindikiza nani. Dulichand alibaki. Alilifungua sanduku la sadaka, akalibeba nyumbani kwake kalikumbatia tumboni. Nyuma yake mafundi walivaa viatu.

*

Usidhani Bherulal alipata raha. Alikosa usingizi kwa ile kona ya kigae. Bibi Kesar alipopata homa ya siku mbili, alikimbilia mahekalu matatu. Mkwaju uliopandwa mbele ya jengo ulipokauka jani moja, alisema ndiyo hayo. Wateja wake walipungua, wengine wakapita wakitema mate pembeni, na ukuta, kabla mafundi hawajaufikia, ulirudi kwenye kazi yake ya zamani. Dulichand alikuwa wa kwanza. Alitazama juu kabisa, wala hakumwamkia.

"Nibandike tena?" Bherulal alimwuliza mkewe kwa uchovu.

"Thubutu," Sugan alisema.

Siku ya kufungua choo wakubwa walikuja. Kulikuwa na utepe mwekundu mlangoni, viti vya plastiki, maikrofoni, na vijiti vya miti midogo vimezungushiwa vyandarua ili mbuzi wasile. Mgeni rasmi, diwani mmoja mwenye koti la mikono mifupi, alianza kueleza usafi ni nini. Akaueleza toka enzi za wahenga. Bherulal alikuwa amesimama nyuma na shada la kumvisha, akiogopa hata sasa kwamba mtu atasimama na kusema kazi isitishwe.

Bibi Kesar alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alitazama utepe. Alimtazama diwani, ambaye sasa alikuwa amefika kwenye faida za miti. Akainuka, akashika fimbo yake, akaenda mbele kwa hatua zake ndogo, akainama kwa shida, akapita chini ya utepe. Mlango wa upande wa wanawake ukafungwa. Komeo likasikika.

Diwani alisita. Watu hawakujua wacheke au waombe radhi. Mhandisi Vaishali aliinamisha kichwa na kujifunika mdomo kwa kofia yake. Diwani hakurudi kwenye miti, dakika zikapita, na Bherulal, aliyemjua mama yake na homa zake, akashindwa kungoja. Alipita kati ya viti, shada bado mkononi, akagonga mlango kwa kidole.

"Mama? Mama, uko salama?"

"Niko salama," sauti ilitoka ndani, na ile maikrofoni iliyokuwa imeachwa wazi ikaichukua na kuisambaza kichochoro kizima, mpaka kwa askari wa bustani na firimbi yake. "Waambie waendelee na hotuba yao huko. Mimi sina haraka."